Jinsi ya Kukokotoa Uwezekano wa Matukio Tegemezi Unapochomoa Vitu Bila Kurudisha

Mfuko una gololi nane zilizolingana kwa ukubwa, tano nyekundu na tatu za buluu. Unaingiza mkono bila kutazama, unachomoa gololi moja na kuiweka mezani, kisha unachomoa ya pili. Je, uwezekano wa kupata nyekundu mara zote mbili ni kiasi gani? Mwanafunzi anayezidisha 5/8 kwa 5/8 hupata 25/64, na jibu hilo lingekuwa sahihi kabisa endapo gololi ya kwanza ingerudishwa mfukoni kabla ya kuchomoa ya pili. Kwa kuwa imebaki mezani, mfuko wa mara ya pili una gololi saba tu, na mchanganyiko wa rangi zake unategemea kilichotoka mwanzo. Karibu makosa yote ninayoyaona katika mada hii huzaliwa hapo: mtu ameelewa kuzidisha, ila anaendelea kuhesabu vitu ambavyo vimekwisha kutolewa. Mwongozo huu unajengwa juu ya tabia moja, nayo ni kuandika upya vilivyobaki kila baada ya kuchomoa.

Hatua ya kwanza: tambua kama matukio yanategemeana

Matukio mawili huitwa huru iwapo kutokea kwa la kwanza hakubadilishi uwezekano wa la pili. Ukirusha sarafu mara mbili, matokeo ya mrusho wa kwanza hayaigusi sarafu kwa namna yoyote, hivyo uwezekano wa kichwa unabaki 1/2. Matukio huwa tegemezi pale la kwanza linapobadilisha mazingira ambamo la pili linatokea. Kuchomoa bila kurudisha ndio mfano ulio wazi kuliko yote, kwa sababu idadi ya vitu hupungua mbele ya macho yako.

Swali la mtihani huenda likatamka waziwazi maneno "bila kurudisha", lakini mara nyingi halifanyi hivyo. Likisema wanafunzi wawili wanachaguliwa kuwa kiranja na msaidizi wake, elewa kwamba mtu mmoja hawezi kushika nafasi zote mbili, kwa hiyo hakuna kurudisha. Likisema karata tano zinagawiwa kwa mchezaji mmoja, hakuna kurudisha. Likisema gololi mbili zinatolewa kwa mkupuo, hapo pia hakuna kurudisha, na unaruhusiwa kuzifikiria kana kwamba zilitoka moja baada ya nyingine, kwani jibu halibadiliki.

Hatua ya pili: andika vilivyomo kabla ya kugusa chochote

Andika jumla, kisha andika idadi ya kila aina. Kwa mfuko wetu: jumla 8, nyekundu 5, buluu 3. Hakikisha kwamba idadi za aina zikijumlishwa zinarudi kwenye jumla. Hatua hii inaonekana ndogo mno kiasi cha kurukwa, lakini mistari ya hesabu itakayofuata yote inatokana nayo.

Hatua ya tatu: pata sehemu ya kwanza, kisha andika upya vilivyobaki

Uwezekano wa nyekundu mara ya kwanza ni 5/8. Sasa chukulia kwamba tukio hilo limetokea kweli, yaani gololi nyekundu iko mezani. Vilivyobaki mfukoni ni: jumla 7, nyekundu 4, buluu 3. Uwezekano wa nyekundu mara ya pili, kwa sharti kwamba ya kwanza ilikuwa nyekundu, ni 4/7.

Tazama kwa makini namba mbili za sehemu hiyo. Asili, yaani namba ya chini, hupungua kwa moja kila unapochomoa, bila kujali rangi iliyotoka. Kiasi, yaani namba ya juu, hupungua pale tu kilichotoka kilikuwa cha aina ileile unayoitafuta sasa. Iwapo ya kwanza ilikuwa nyekundu na sasa unatafuta buluu, kiasi kinabaki 3, na sehemu ni 3/7. Wapo wanaopunguza namba zote mbili kwa mazoea na kuandika 2/7, wakiwa wameondoa gololi ya buluu ambayo haijaguswa na mtu.

Hatua ya nne: zidisha kwa kufuata mlolongo

Uwezekano wa nyekundu kisha nyekundu ni 5/8 × 4/7 = 20/56, ambayo ikirahisishwa ni 5/14, karibu 0.357. Linganisha na 25/64, karibu 0.391, ambalo ni jibu la kurudisha. Kwa alama, kanuni huandikwa hivi:

P(A na B) = P(A) × P(B|A)

Alama P(B|A) husomwa "uwezekano wa B iwapo A imekwisha kutokea". Kwa matukio matatu unaongeza kizidishi cha tatu, kinachohesabiwa baada ya yote mawili yaliyotangulia kutokea, na vivyo hivyo kwa manne au matano.

Inafaa kuelewa kwa nini tunazidisha, ili kanuni isiwe kitu cha kukariri. Zipe gololi namba kutoka 1 hadi 8. Gololi ya kwanza inaweza kuwa yoyote kati ya nane, na kwa kila moja ya hizo, ya pili inaweza kuwa yoyote kati ya saba zilizobaki, hivyo kuna mifuatano 8 × 7 = 56 inayolingana kwa uwezekano. Mifuatano yenye nyekundu mbili ni 5 × 4 = 20. Ukiigawanya 20 kwa 56 unapata jibu lilelile, kwa sababu kuzidisha zile sehemu mbili ni kuhesabu mifuatano hiyo kwa mkato.

Hatua ya tano: njia zikiwa zaidi ya moja, jumlisha

Swali likiuliza uwezekano wa kupata rangi mbili tofauti, kuna njia mbili za kufika huko: nyekundu kisha buluu, au buluu kisha nyekundu. Ya kwanza ni 5/8 × 3/7 = 15/56, na ya pili ni 3/8 × 5/7 = 15/56. Njia hizi haziwezi kutokea zote kwa pamoja, kwa hiyo zinajumlishwa: 30/56, yaani 15/28.

Mchoro wa mti unasaidia sana hapa. Chora matawi mawili kutoka nukta moja, tawi la nyekundu lenye 5/8 na la buluu lenye 3/8. Kutoka ncha ya tawi la nyekundu chora matawi mengine mawili, 4/7 kwa nyekundu na 3/7 kwa buluu. Kutoka ncha ya buluu chora 5/7 kwa nyekundu na 2/7 kwa buluu. Ukifuata tawi kutoka shina hadi ncha unazidisha, na ukikusanya ncha zinazojibu swali unajumlisha. Ncha nne zinatoa 20/56, 15/56, 15/56 na 6/56, ambazo jumla yake ni 56/56. Ninashauri usirahisishe sehemu hizo mpaka mwisho, maana zikiwa na asili moja unaweza kuhakiki kazi yako kwa kutupa jicho tu: zisipofika moja kamili, kuna tawi ulilokosea au kulisahau.

Kura ya upatu: je, anayechomoa kwanza ana bahati zaidi?

Swali hili linastahili nafasi kubwa, kwa sababu watu wazima wenye akili timamu hugombana juu yake. Wanachama kumi wa mchezo wa upatu wanapanga zamu za kupokea fedha. Vikaratasi kumi vyenye namba 1 hadi 10 vimekunjwa na kuwekwa kwenye kofia, na kila mmoja anatamani namba 1. Je, ni heri kuwa wa kwanza kuingiza mkono?

Wa kwanza ana 1/10. Wa pili, ili apate namba 1, ni lazima wa kwanza awe ameikosa, jambo lenye uwezekano wa 9/10, kisha yeye aichomoe kati ya vikaratasi tisa vilivyobaki, yaani 1/9. Zidisha: 9/10 × 1/9 = 1/10. Wa tatu anahitaji wawili waliomtangulia wakose: 9/10 × 8/9 × 1/8, na tisa zinafutana, nane zinafutana, inabaki 1/10. Endelea hadi wa kumi, ambaye anachukua kikaratasi cha mwisho bila hiari yoyote:

9/10 × 8/9 × 7/8 × 6/7 × 5/6 × 4/5 × 3/4 × 2/3 × 1/2 × 1/1 = 1/10

Kila nafasi katika foleni ina uwezekano uleule. Anayechelewa ana hatari kwamba namba 1 imekwisha chukuliwa, lakini iwapo haijachukuliwa anaipata kirahisi zaidi kwa kuwa vikaratasi vimepungua, na mambo hayo mawili yanalipana kikamilifu.

Hesabu hii ni ya kabla ya kikaratasi chochote kufunguliwa. Iwapo kila anayechomoa anakifungua papo hapo, na watatu wa kwanza wamekosa, wa nne anayesimama sasa ana 1/7, kwa sababu vimebaki vikaratasi saba na namba 1 imo ndani yake. Iwapo mmoja wao ameipata, wa nne ana sifuri. Hakuna mgongano kati ya 1/10 na 1/7. Majibu haya mawili yanajibu maswali mawili tofauti, moja linaloulizwa bila taarifa na jingine baada ya taarifa kupatikana. Kwa katibu wa kikundi, ushauri wangu ni kwamba wote wachomoe kwanza na vikaratasi vifunguliwe kwa pamoja: haki ni ileile kihesabu, lakini hakuna atakayemtazama aliyemtangulia kwa jicho la lawama.

Jambo hilohilo linaonekana kwenye gololi. Ukiulizwa uwezekano wa ya pili kuwa nyekundu bila kuambiwa lolote kuhusu ya kwanza, jumlisha ncha mbili: 20/56 + 15/56 = 35/56 = 5/8, sawasawa na mara ya kwanza. Na ukiulizwa kinyumenyume, yaani ya pili imeonekana kuwa nyekundu lakini ya kwanza imefichwa, basi uwezekano wa ile iliyofichwa kuwa nyekundu ni 20 kati ya 35, yaani 4/7. Taarifa ya baadaye hubadilisha hesabu ya kilichotangulia kama vile ya awali inavyobadilisha ya kinachofuata.

Maneno "angalau moja": hesabu kinyume chake

Boksi dukani lina glopu 12, na 3 kati yake zimeungua bila mtu kujua ni zipi. Mteja ananunua 3 bila kuzijaribu. Uwezekano wa kuondoka na angalau moja mbovu ni upi?

Njia ndefu ni kukokotoa uwezekano wa mbovu moja, wa mbovu mbili na wa mbovu tatu, kisha kujumlisha. Njia fupi ni kutambua kwamba kinyume cha "angalau moja mbovu" ni "zote nzima". Zote nzima ni 9/12 × 8/11 × 7/10 = 504/1320 = 21/55. Toa kwenye moja: 1 − 21/55 = 34/55, karibu 0.62.

Mwenye subira na ahakiki kwa njia ndefu. Mbovu moja inaweza kutoka ya kwanza, ya pili au ya tatu, na kila mpangilio una 3 × 9 × 8 juu ya 1320, kwa hiyo jumla ni 648/1320. Mbovu mbili zinatoa 3 × (3 × 2 × 9) = 162 juu ya 1320, na mbovu tatu 6 juu ya 1320. Jumla ni 816/1320, ambayo ni 34/55. Lakini yule anayezidisha 3/12 kwa 3 na kudai 0.75 amehesabu zaidi ya mara moja zile hali ambazo glopu mbovu zimetoka pamoja.

Karata arobaini za Huygens

Mwaka 1657 mwanahisabati Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha kijitabu kuhusu hesabu za michezo ya bahati, na mwishoni aliwaachia wasomaji maswali matano. Mojawapo linahusu karata 40, kumi kwa kila aina, na mtu anayeahidi kwamba akichomoa nne atapata moja ya kila aina: kopa moja, uru moja, pau moja na shupaza moja.

Tumia tabia yetu. Karata ya kwanza inaweza kuwa yoyote, kwa hiyo 40/40. Zimebaki 39, na zinazofaa ni 30, kwani aina moja imeshatimizwa. Kisha zimebaki 38, zinazofaa 20. Mwisho zimebaki 37, zinazofaa 10. Jibu ni 1 × 30/39 × 20/38 × 10/37 = 6000/54834 = 1000/9139, karibu 0.109. Huygens alilitoa jibu kwa namna ya dau: 1000 kwa 8139, na ukijumlisha namba hizo mbili unapata 9139.

Ninaupenda mfano huu kwa sababu unavunja dhana kwamba kutorudisha hupunguza uwezekano daima. Kama kila karata ingerudishwa, hesabu ingekuwa 1 × 3/4 × 1/2 × 1/4 = 3/32, karibu 0.094, ambayo ni ndogo zaidi. Ukitafuta vitu vinavyofanana, kila unachotoa kinapunguza akiba ya unachokitafuta. Ukitafuta vitu tofauti, kila unachotoa kinapunguza akiba ya usichokihitaji tena.

Kuchagua kundi kwa mkupuo: vikombe vya chai vya Fisher

Mpangilio usipokuwa na maana, unaweza kuhesabu makundi moja kwa moja. Mwaka 1935 mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher alieleza jaribio la bibi mmoja wa Uingereza aliyedai kwamba akionja chai anaweza kutambua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ilitangulia. Aliandaliwa vikombe 8, vinne kwa kila namna, naye alijua kwamba ni vinne kwa vinne. Akiwa anabahatisha tu, uwezekano wa kuvichagua vyote vinne vilivyotanguliziwa maziwa ni 4/8 × 3/7 × 2/6 × 1/5 = 24/1680 = 1/70.

Namba 70 ndiyo idadi ya njia za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane: 8 × 7 × 6 × 5 gawanya kwa 4 × 3 × 2 × 1. Je, kupata vitatu sahihi na kimoja kisicho sahihi? Kuna njia 4 za kuchagua vitatu kati ya vinne sahihi, na njia 4 za kuchagua kimoja kati ya vinne visivyo sahihi, hivyo 4 × 4 = 16, na uwezekano ni 16/70, karibu 0.23. Tofauti kati ya 1/70 na 16/70 ndiyo iliyoamua uzito wa ushahidi: kupatia vyote kwa kubahatisha ni nadra, ilhali kukosea kimoja tu kunatokea karibu mara moja katika kila nne, na hivyo hakuthibitishi kipaji chochote.

Kwa ujumla, zidisha njia za kuchagua kutoka kila aina, kisha gawanya kwa njia za kuchagua kundi zima. Tumia njia hii pale vitu ni vingi na mti umekuwa msitu. Kwa vitu viwili au vitatu, matawi hutosha na huacha nafasi ndogo ya kukosea.

Wakati utegemezi unapokuwa mdogo mno

Tuseme mji una watu wazima 100,000, na 30,000 kati yao wana bima ya afya. Ukiteua wawili kwa nasibu, uwezekano wa wote kuwa na bima ni 30,000/100,000 × 29,999/99,999, karibu 0.089998, ilhali ukipuuza utegemezi unapata 0.09. Katika kikundi cha watu 10 wenye bima 3, jibu sahihi ni 3/10 × 2/9, karibu 0.067, na kupuuza utegemezi kunakupotosha kwa kiasi kikubwa. Kanuni ya makadirio inayofundishwa mara nyingi katika takwimu ni kwamba sampuli isiyozidi sehemu moja ya kumi ya watu wote inaweza kuchukuliwa kama ya matukio huru. Katika mtihani, hata hivyo, usikadirie kama hukuombwa.

Maswali matatu ya kujipima

Funika aya zinazofuata maswali, jaribu mwenyewe, kisha linganisha.

La kwanza: wasichana 6 na wavulana 4 wanapigiwa kura ili kupata kamati ya watu watatu. Tafuta uwezekano wa wote kuwa wasichana, na wa kuwa na mvulana mmoja kamili.

Wote wasichana: 6/10 × 5/9 × 4/8 = 120/720 = 1/6. Mvulana mmoja kamili: anaweza kutoka wa kwanza, wa pili au wa tatu, na kila mpangilio una 6 × 5 × 4 = 120 juu ya 720, hivyo 360/720 = 1/2.

La pili: karata mbili zinatolewa kwenye pakiti ya karata 52. Tafuta uwezekano wa zote kuwa kopa.

Kopa ni 13. Kwa hiyo 13/52 × 12/51 = 1/4 × 4/17 = 1/17.

La tatu: trei ya mayai 30 ina mabovu 4, na mpishi anachukua mawili bila kuchagua. Tafuta uwezekano wa kupata angalau moja bovu.

Yote mazima: 26/30 × 25/29 = 650/870 = 65/87. Angalau moja bovu: 1 − 65/87 = 22/87, karibu 0.25.